Ondieki, Jina la Waliopona

Tarehe 10 Julai 1993, katika uwanja wa Bislett mjini Oslo, mwanamume mmoja kutoka Kisii alimaliza mizunguko 25 kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Kabla ya siku ile hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Magazeti ya dunia yaliandika jina la Yobes Ondieki, ambaye miaka miwili nyuma, mjini Tokyo, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000. Wachache kati ya waliolisoma jina hilo walijua kwamba Ondieki ni fisi. Wachache zaidi walijua kisa cha mzazi kumpenda mwanawe hadi akampa jina la mnyama huyo.

Ukienda mbali na nyumbani, Ondieki ni jina la nadra. Ukirudi Kisii na Nyamira, kaunti mbili zilizohesabiwa watu 1,266,860 na 605,576 katika sensa ya 2019, ni jina la kila kijiji. Simama katikati ya soko la Daraja Mbili mjini Kisii siku ya soko, uite "Ondieki!" Zaidi ya kichwa kimoja kitageuka.

Neno lenyewe lilitoka kwa majirani, Waluo. Katika Dholuo, fisi ni ondiek. Mluo hufunga neno kwa konsonanti bila taabu, lakini Ekegusii, lugha ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, kama Kiswahili, hutaka neno liishie kwa irabu. Ondiek ikapewa i ya mwisho, kama vile Waswahili walivyoipokea kitab ya Waarabu wakaifanya kitabu. Abagusii wana neno lao wenyewe la fisi, enyang'au, na hilo nalo likazaa jina: Nyang'au. Kwa hiyo katika darasa moja la Nyamira wanaweza kuketi Ondieki na Nyang'au, mnyama mmoja kwa lugha mbili.

Ujirani huo ni wa kale. Masimulizi ya Abagusii, ambayo mwanahistoria William Ochieng' aliyakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia yao kabla ya ukoloni, yanaeleza safari ya kutoka upande wa Mlima Elgon hadi Goye huko Yimbo, kisha Kisumu, kisha tambarare za Kano. Huko waliishi karibu na Waluo kabla ya kupanda kuelekea Kabianga na hatimaye kutua kwenye vilima vyao vya leo. Hata baada ya kupanda vilimani hawakuachana. Wimbi, nafaka ya Abagusii, liliteremka kwenda kwa Waluo, na mifugo na vyungu vya Waluo vikapanda. Watu waliouziana chakula wakati wa njaa walipeana na maneno, na pamoja na maneno walishirikiana desturi za kumlinda mtoto.

Moja ya desturi hizo ndiyo kiini cha jina hili. Mama aliyezika mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu alikuwa na hofu isiyosemeka kila alipobeba mimba nyingine. Surua, malaria na kuhara viliua watoto kabla ya kuota meno. Alipozaliwa mwingine, wazee waliona kwamba furaha ya wazi ingekiita kifo kirudi. Mtoto alitolewa nje, akalazwa kandokando ya njia kama kitu kilichotupwa. Mwanamke mwingine akapita, akamwokota, akamrudisha kwa mama yake kana kwamba si wake. Aliyepitia njia hiyo angeweza kuitwa Makori akiwa mvulana, au Nyanchera akiwa msichana, kwa kuwa enchera ni njia. Na wapo walioitwa kwa jina la yule ambaye angemla mtoto aliyetupwa: Nyang'au, Ondieki. Ni kama kukiambia kifo kwamba huyu si wetu, ni wa fisi, hakuna cha kuchukua hapa.

Waluo walifanya vivyo hivyo. Majina yao Owiti na Awiti yanatokana na kutupa, na Ojwang' na Ajwang' yanatokana na kutelekeza. Wakamba nao humwita fisi mbiti, na jina hilo alilibeba John Mbiti, mwanatheolojia aliyeandika mwaka 1969 kitabu mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mbali zaidi, Wayoruba wa Nigeria humwita Kokumo mtoto anayeombewa asife tena. Mama wa Bobasi huko Ugusii na mama wa Ibadan huko Nigeria hawakujuana, lakini walipambana na kifo kwa silaha moja, nayo ni jina.

Swali la kihistoria ni hili: jina la msiba lilifikaje kuwa la watu wengi hivi? Jibu limo katika namna Abagusii wanavyorithishana majina. Mtoto hupewa jina la ndugu aliyefariki, ili aliyekwenda kwa ebirecha, mizimu ya ukoo, asisahauliwe. Mtoto akilia usiku na mchana, zamani watu walikwenda kwa omoragori, mpiga ramli, kuuliza ni nani katika wafu anayetaka kukumbukwa. Sasa fikiria yule Ondieki wa kwanza wa ukoo. Kama angekufa akiwa mchanga, jina lingezikwa naye. Lakini alipona. Alikua, akatahiriwa, akaoa, akapata wajukuu, akafa mzee. Baada ya mazishi yake wajukuu wakaanza kupewa jina lake kwa heshima, ingawa mama zao hawakuwahi kuzika mtoto. Jina hili lilisambaa kwa sababu waliolibeba waliishi. Lingekuwa limeshindwa kazi yake, tusingelisikia leo.

Ukoloni ulilifunga jina hilo kwenye karatasi. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakaja Nyanchwa muda mfupi baadaye, na watoto wakaanza kubatizwa kwa majina ya Biblia. Kisha kipande kikaja, hati ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuivaa shingoni tangu mwanzo wa miaka ya 1920. Zamani jina la baba lilibadilika kila kizazi. Karani alipoliandika, likaanza kuganda na kuwa jina la familia. Hivyo ndivyo Ondieki, aliyekuwa mtoto mmoja wa njiani, alivyogeuka kuwa nyumba nzima.

Na nyumba hiyo imetembea. Lisa Martin, Mwaustralia aliyepata medali ya fedha katika marathoni ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, aliolewa na Yobes na kuchukua jina lake. Mwaka 1992, kama Lisa Ondieki, alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 40, rekodi mpya ya wanawake katika mbio hizo. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 2001 na Margaret Okayo, mzaliwa wa Masaba, ambaye aliivunja tena mwaka 2003. Ya Okayo ikaja kuvunjwa mwaka 2025 na Hellen Obiri wa Nyangusu. Kwa zaidi ya miaka 30 rekodi ya wanawake ya New York imeandikwa kwa majina ya Ugusii peke yake, na la kwanza kati yake lilikuwa la fisi.

Ndiyo maana inaniuma ninaposikia jina la fisi likichekwa. Katika Kiswahili cha Kenya, nyang'au ni mtu katili mwenye tamaa, na wanasiasa hurushiana neno hilo jukwaani. Mtoto anayelibeba hulipia shuleni, na akikua huenda akalificha nyuma ya herufi moja. Hafahamu kwamba analiacha jina ambalo bibi fulani alilichagua akilia, baada ya kuzika mara tatu.

Msomaji, ikiwa wewe ni Ondieki, Nyang'au, Makori au Nyanchera, mwendee mzee wa ukoo wako ambaye angali hai. Muulize wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa nani, alizaliwa baada ya wangapi, na nani alimwokota njiani. Liandike jibu hilo, uwaachie wanao. Nyuma ya kila Ondieki wa leo yuko mtoto mmoja ambaye hakuna aliyetegemea kwamba angefikisha mwaka, naye akaishi.