Alasiri ni sala, Alhamisi ni tano

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alishikilia kwamba maneno ya dini yafutwe katika Kiswahili cha shule. Eti lugha ya taifa haifai kuegemea msikiti wala kanisa. Nilimuuliza tu: basi tulijadili lini? “Alhamisi alasiri, Profesa,” akajibu.

Haya basi. Alasiri ni jina la sala. Adhuhuri vilevile, na magharibi pia. Waswahili wa pwani waliigawa siku kwa adhana karne nyingi kabla ya saa ya ukutani. Siku nazo wakazihesabu baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano, ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano! Tano mbili sako kwa bako, moja ya Kibantu, moja ya Kiarabu.

Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844 kueneza Ukristo, alikuta hesabu hiyo imeshakita mizizi. Leo Mkristo huenda kanisani Jumapili, siku ya pili baada ya Ijumaa, wala haoni ajabu. Ukiyang’oa maneno hayo, mchana wenyewe utakosa majina. Tuwafunze vijana asili yake. Kuyafuta ni kujisahau.