Waviu, si Waathirika

Gazeti moja la kila siku limetuandikia tena kwamba "waathirika wa VVU" wamepewa mikopo ya kufugia kuku. Mtu anayemeza dawa zake kila siku, anayefuga na kusomesha, amepewa jina lile lile la aliyebomolewa nyumba na mafuriko. Silikubali jina hilo, na kuzoeleka kwake hakutaninyamazisha.

Athari ni neno la Kiarabu, na asili yake ni alama au unyayo: kinachobaki baada ya kitu kupita. Tukapata kuathiri, kisha tukapachika -ik- ya kutendeka. Mwathirika, basi, ni mtu aliyepitiwa na jambo. Yeye mwenyewe hatendi lolote. Tena neno halibagui, kwa maana yatima asiye na kirusi hata kimoja naye ameathirika na UKIMWI. Mwaka 1983, mjini Denver, Marekani, watu wenye UKIMWI walitoa tamko la kukataa kuitwa wahanga. Vyumba vyetu vya habari bado havijalisikia.

Jina lipo. WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ndivyo wanavyojiita wenyewe katika konga zao, yaani mitandao ya vikundi vyao, na vituo vya tiba na matunzo vina WAVIU washauri. Napendekeza tuliondolee herufi kubwa na kulipa umoja: mviu, waviu. Kamati moja ya lugha niliyoipelekea pendekezo hili ilinijibu kwa barua fupi kwamba kifupisho hakina umoja wala wingi. Wajumbe wake wameusahau UKIMWI wenyewe: ni upungufu wa kinga mwilini, kifupisho kitupu, lakini U yake iliangukia ngeli ya U, nasi tukasema UKIMWI umeenea, UKIMWI unatibika makali yake, bila kumwomba mtu kibali. Wa- ya waviu imeangukia ngeli ya watu vivyo hivyo. Lugha imekwisha kuamua. Kamati ndiyo iliyochelewa.

Yuko pia msomi anayeshikilia "mgonjwa wa UKIMWI". Angewauliza wahudumu wa afya. Anayetumia ARV barabara hadi virusi visionekane kwenye vipimo haumwi UKIMWI, wala hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mgonjwa yuko wapi hapo?

Kwa wahariri: mviu amehojiwa, waviu wamekutana, na habari isiyohusu VVU haina haja ya kutaja hali ya mtu. Kamati ikitaka kulijadili tena neno hili, iwaite waviu kwanza.