Mkoko, Mkandaa na Kikandaa: Umbo la Mti na Historia ya Jina Lake

Utangulizi

Mwenye kufungua kamusi zetu akitafuta majina ya miti, samaki au ndege, mara nyingi hupata jibu fupi mno: "aina ya mti", "aina ya samaki", "aina ya ndege". Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Halimwelezi msomaji mti huo unatofautianaje na mwenzake uliomea kando yake, wala halimwonyeshi ni alama gani ya umbo iliyowafanya wenye lugha waupe jina lake peke yake. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuangalia kundi moja tu la miti, yaani ile imeayo katika maji ya chumvi ya pwani ya Kenya. Tutalinganisha jinsi wenyeji walivyoitenga miti hiyo na jinsi wataalamu wa mimea walivyoitenga, kisha tutazame somo ambalo mwanalugha aweza kulipata. Hoja yetu ni kwamba jina la mti ni matokeo ya uchunguzi, na kamusi inayolitaja jina na kuuacha uchunguzi huo imehifadhi ganda ikatupa kokwa.

Miti tisa na alama zake

Kandokando ya hori na mikono ya bahari, tangu Kiunga hadi Vanga, humea spishi tisa za miti hii, na zaidi ya nusu ya misitu yake yote katika Kenya imo Lamu. Leo ni desturi kuiita yote "mikoko". Hata hivyo, mkoko hasa ni mmoja tu kati yake: ule ambao wataalamu huuita Rhizophora mucronata. Mizizi yake huanzia juu ya shina, ikainama kama matao na kushuka topeni. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, hata mche mrefu wa kijani ukaning'inia mfano wa mkuki. Jani lake lina ncha ngumu iliyochongoka.

Muia, ambao kusini zaidi huitwa msinzi, una mizizi inayochomoza na kuzama tena kama goti lililokunjwa, na kikombe cha ua lake ni chekundu. Mkandaa ni mti mdogo zaidi. Mche wake ni mwembamba wenye mifuo, na gome lake limetumiwa kutia rangi na kutengenezea ngozi. Mchu hutambulikana kwa vijizizi vyembamba vilivyosimama wima topeni kama kalamu, na kwa majani yaliyo ya kijivu upande wa chini, ambayo hutoa chumvi. Mlilana, unaokaa mbele kabisa kuelekea bahari kuu, una mizizi ya kusimama pia, lakini ni minene yenye umbo la pembe. Mbao zake zilizopinda zimetumiwa na mafundi kwa mataruma ya vyombo. Mkomafi huzaa tunda kubwa la mviringo, ambalo ndani yake mbegu zimepangwa kwa kubanana mithili ya mawe ya ukuta. Waliobaki ni mkomafi dume, kikandaa na msikundazi.

Yafaa tuangalie kwamba alama hizi zote huonekana bila kungoja majira ya maua. Mkata miti aingiaye hori maji yakiwa yamekupwa huona kwanza mzizi, kisha gome, kisha tunda. Kwa hivyo hizo ndizo alama alizozitegemea. Si kwamba hakulijua ua, bali ua halikumsaidia katika kazi yake.

Jina la mti na jina la mti uliokatwa

Kazi hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika historia ya pwani. Kwa karne nyingi majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yalirudi na kusi yakiwa yamepakia miti ya kujengea, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa na uhaba wa miti mirefu iliyonyooka. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982. Hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe za mijini kwetu ulifuata urefu wa boriti zilizobeba dari.

Miti ilipokwisha kukatwa ilipata majina mapya kwa kadiri ya unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Ni muhimu kutochanganya mafungu haya mawili ya majina. Mkoko na muia ni majina ya miti iliyo hai, na yametokana na umbo ambalo mti huzaliwa nalo. Pau na boriti ni majina ya bidhaa, na yametokana na kipimo. Mkoko mchanga ni pau, nao huo huo ungeachwa ukue ungekuwa boriti. Msamiati wa pwani ulikuwa na ngazi mbili, na mwenyeji alipanda na kushuka baina yake bila kukosea. Mwanalugha anayekusanya maneno haya asipoiona tofauti hiyo ataandika orodha moja ya "aina za miti", ilhali mbele yake pana orodha mbili.

Jicho la wataalamu

Wageni nao waliitazama miti hii tangu zamani. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alieleza habari za miti ya Ghuba inayomea ndani ya bahari, akaifananisha na pweza kwa jinsi inavyosimama juu ya mizizi yake. Hata hivyo, utaratibu wa majina ya kisayansi unaotumika leo ulianzia kwenye kitabu cha Mswidi Carl Linnaeus kilichotoka mwaka 1753. Linnaeus aliichagua alama moja aipe ukuu, nayo ni viungo vya uzazi vya ua, hasa hesabu ya stameni. Jenasi ya mchu aliiita Avicennia, kwa heshima ya Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037.

Mwanafunzi wake, Peter Forsskål, alisafiri hadi Yemeni, akafariki huko mwaka 1763. Maandishi yake yalitolewa na mwenzake, Carsten Niebuhr, mwaka 1775. Humo mchu umepewa jina la Sceura marina, na neno hilo la kwanza limetoholewa kutoka jina la mti huo katika Kiarabu cha pwani, shura. Basi hata jina la kitaalamu lilianza kwa kumsikiliza mwenyeji. Baadaye mti huo ulihamishiwa jenasi ya Avicennia, ukabaki na jina la marina.

Lakini si kila mara mtaalamu alitangulia kutenga. Linnaeus aliuweka muia katika jenasi moja na mkoko. Mwaka 1754 akamtia humo pia ndugu mmoja wa mlilana, mti ambao leo hauhesabiwi hata katika ukoo wa mkoko. Mkandaa nao ulipoelezwa mwaka 1824 uliitwa Rhizophora tagal, na haukupata jina lake la sasa, Ceriops tagal, hadi mwaka 1908. Majina ya Kiswahili hayakuichanganya miti hiyo: mkoko ni mkoko, muia ni muia, mkandaa ni mkandaa. Wataalamu walifikia utengano huo kwa kuhesabu meno ya kikombe cha ua: manne kwa mkoko, matano kwa kawaida kwa mkandaa, na kumi hadi kumi na manne kwa muia. Mkata miti aliufikia kwa mzizi, mche na gome. Njia zilikuwa mbili, na hukumu ikawa moja.

Pale umbo linapodanganya

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuusifu ujuzi wa wenyeji bila kutaja mpaka wake. Kiambishi ki- katika "kikandaa" kinadokeza kwamba mti huo ni mkandaa mdogo. Wataalamu wa mimea wanatuambia vingine. Kikandaa, yaani Lumnitzera racemosa, ni wa ukoo wa mkungu, nao hauna udugu wa karibu na mkandaa hata kidogo. Mbegu yake haioti juu ya mti, na jani lake lina kidindi kwenye ncha. Kadhalika, "dume" katika "mkomafi dume" haielezi jinsia, kwani mti huo nao huzaa matunda. Neno hilo huonyesha kwamba mti unafanana na mkomafi ingawa si wenyewe: gome lake ni la kukwaruza na tunda lake ni dogo zaidi. Hapa jina lilipatia, kwa kuwa miti hiyo miwili ni ya jenasi moja.

Kwa jumla, miti yetu tisa ni ya koo sita. Mkoko, muia na mkandaa ni ndugu. Mkomafi na mwenziwe ni wa ukoo wa mwarobaini, mlilana ni wa ukoo wa mhina, na msikundazi una unasaba na mbuyu na mpamba. Mchu una ukoo wake, na kikandaa, kama tulivyosema, ni wa mkungu. Kilichoifanya ifanane ni makazi: tope lisilo na hewa, chumvi, na maji yanayojaa na kupwa. Kuna basi kufanana kwa nasaba na kufanana kwa ujirani.

Wanalugha wanaifahamu tofauti hiyo vizuri. Waliokitazama Kiswahili kwa wingi wa maneno yake ya Kiarabu, wakadai kuwa ni lugha ya mchanganyiko isiyo na asili, walifanya kosa la mwenye kuuona mlilana na mchu vimesimama katika tope moja akaviita ndugu. Wilhelm Bleek mwaka 1862 na Carl Meinhof mwaka 1899 hawakuanzia kwenye maneno yanayookotwa njiani. Walilinganisha viambishi vya ngeli na mifumo ya sauti, mambo ambayo lugha haiyaazimi kwa urahisi. Ngeli zilikuwa kwa Bleek kama ua lilivyokuwa kwa Linnaeus: alama iliyochaguliwa kwa sababu hudumu.

Wajibu wa kamusi

Yote haya yanaturudisha kwenye kamusi. Padre Charles Sacleux, ambaye mbali na lugha alikuwa mkusanyaji wa mimea, aliambatanisha majina ya kisayansi na majina mengi ya mimea katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutolewa mwaka 1939. P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alitoa mwaka 1940 kamusi nzima ya majina ya mimea ya Kiswahili. Njia ilikwisha kusafishwa. Ni sisi tusioifuata.

Hasara yake si ya vitabuni tu. Neno "mikoko" limepanuka maana hata linafunika miti yote tisa, na upanuzi wa namna hiyo ni jambo la kawaida katika lugha. Lakini siku hizi watu wa pwani wanapanda upya misitu iliyokatwa, na kila mti una mahali pake: mlilana hutaka upande wa bahari, mkandaa hutaka nyuma, kunakofikiwa na maji makuu. Mwenye kuambiwa "panda mikoko", naye hana majina mengine, aweza kuchomeka mche wa mkoko pasipo mahali pake ukafa. Wazee wenye kuyajua majina na alama zake wanapungua, na kijana aliyesoma hana pa kuyapata ila kamusini, nako anaambiwa "aina ya mti".

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba kila jina la kiumbe katika kamusi zijazo lielezwe kwa mambo manne: alama ya umbo inayolitenga na jirani zake, mahali kinapoishi, matumizi yake, na jina lake la kisayansi. Kwa mfano: "mkandaa: mti mdogo wa maji ya chumvi, umeao nyuma ya mkoko kuelekea nchi kavu, mche wake ni mwembamba wenye mifuo, gome hutumika kutia rangi, Ceriops tagal, si kikandaa." Maelezo hayo hayapiti mistari mitatu. Kinachohitajika ni mwanalugha kuvua viatu, kumfuata mkata miti topeni, na kumuuliza kwa kila jina: umeujuaje?