Sauti Juu ya Mdundo: Crystal Waters, Siti binti Saad na Ushahidi wa Nyimbo za Kuchezwa

Wahakiki wengi wakishasema kwamba wimbo fulani unachangamsha ukumbi huona wamemaliza kazi. Fikra huzitafuta kwenye nyimbo za kusikilizwa. Za kuchezwa huziachia vijana na maharusi. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Yanadai kwamba mwimbaji wa nyimbo za kuchezwa anaweza kuwa shahidi wa jamii yake, na kwamba mdundo huufikisha ushahidi wake mahali ambapo hotuba haiingii. Mfano mkuu ni Crystal Waters, mwimbaji wa soul na haus kutoka eneo la Washington, na wimbo wake "Gypsy Woman" wa mwaka 1991.

Eneo hilo lina historia ya makazi ambayo haina budi kutangulizwa. Greenbelt, mji wa jimbo la Maryland ulio kaskazini mashariki ya Washington, ulijengwa na serikali ya Rais Franklin Roosevelt wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Familia za kwanza zilihamia mwaka 1937, katika nyumba 885 zilizokusudiwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Wafanyakazi weusi walishiriki kuujenga mji huo, lakini waliokubaliwa kupanga walikuwa wazungu watupu. Greenbelt ilithibitisha kwamba serikali ikitaka, wananchi hupata nyumba. Ilithibitisha pia kwamba kuna wananchi ambao serikali huamua kutowaona. Nusu karne baadaye, suala hilo la nani anaonekana na nani haonekani liliingia kwenye kumbi za muziki kwa sauti ya Waters.

Waters alizaliwa mwaka 1961, binti wa mwanamuziki wa jazi, katika ukoo wa mwimbaji mashuhuri Ethel Waters. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard, akaajiriwa Washington katika kazi ya kompyuta kwenye ofisi ya serikali, na huko ndiko alikokuwa alipoanza kushirikiana na Basement Boys, watayarishaji wa muziki wa Baltimore. Ameeleza kwamba wimbo huo ulitokana na mwanamke aliyekuwa akisimama nje ya hoteli ya Mayflower mjini Washington, amevaa nguo nyeusi, uso umepambwa vizuri, akiimba nyimbo za dini na kuomba pesa. Ilikuwa rahisi kujiuliza kwa nini mtu nadhifu kiasi kile hatafuti kazi. Baadaye ilifahamika kwamba alikuwa amepoteza kazi ya dukani, na kwamba aliona mtu anayewaomba watu msaada anapaswa angalau kuonekana wa heshima.

Muundo wa wimbo unaifuata njia hiyo hiyo ya kujua. Kinanda kinarudia noti chache juu ya mapigo yapatayo 120 kwa dakika, na sauti ya Waters inakwenda kwa utulivu, bila kilio. Kwanza tunamwona mwanamke anayeamka mapema, anayetengeneza nywele na kujipodoa, kama jirani yeyote. Tukishamzoea ndipo tunapoambiwa kwamba hana nyumba. Kinachofuata ni kibwagizo cha silabi zisizo na maana ya kamusi, ambacho ndicho kilichofanyiwa dhihaka kwenye televisheni ya Marekani kana kwamba ni upuuzi. Waliodhihaki hawakusikiliza vizuri. Silabi zile ni uimbaji wa mwanamke mwenyewe anapoomba pesa. Kila ukumbi unaozipokea unaimba kwa kinywa cha mtu ambaye, barabarani, wengi wangempita.

Msomaji anaweza kupinga: wimbo ulifika nafasi ya 8 Marekani na ya 2 Uingereza, na wengi walioucheza hawakujua unamhusu nani. Pingamizi hilo lina uzito, lakini Zanzibar inatusaidia kulijibu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba taarabu ya kuburudisha watu. Katika wimbo wake kuhusu Kijiti alisimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, kesi ambayo muuaji alitoroka na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Waliokuja kwa ajili ya starehe waliondoka na kesi hiyo midomoni. Starehe ndiyo iliyoihifadhi, na leo tunaijua dhuluma ile kwa sababu watu walipenda kuiimba.

Kinachobaki ni suala la utunzi. Katika biashara ya haus, sauti ya mwanamke mara nyingi imetumiwa kama malighafi. Mwaka 1990 sauti ya Martha Wash ilisikika katika nyimbo zilizovuma huku wanawake wengine wakionekana kwenye video, hadi akaenda mahakamani kudai haki yake. Waters alikuwa na bahati ya kuwa mmoja wa watunzi wa "Gypsy Woman". Jina, uso na maneno vilikwenda pamoja. Aliendelea na "100% Pure Love" mwaka 1994, uliofika nafasi ya 11 Marekani, na zaidi ya miaka kumi baadaye sauti yake ilivuma tena katika "Destination Calabria" wa Alex Gaudino.

Kwa hiyo mtafiti anayeziacha nyimbo za kuchezwa anaacha sehemu ya kumbukumbu za umaskini na dhuluma katika miji yetu. Walimu wa fasihi simulizi na wa muziki wazipe nafasi darasani nyimbo za kumbi na za harusi: maneno yake yanukuliwe, watunzi wake watajwe kwa majina, na waimbaji wanawake wahojiwe wakiwa bado hai.