Mali kauli: mikopo iliyoendesha misafara ya bara

Kabla Unguja haijapata benki, msafara wa kwenda bara ulianzia kwenye daftari la mfanyabiashara wa Kihindi. Mtu aliyeaminika aliingia dukani mikono mitupu, akatoka na majora ya merikani, shanga, nyaya za shaba na baruti, pamoja na deni la kulipwa atakaporudi na pembe za ndovu. Hiyo ndiyo mali kauli, na bila kuielewa huwezi kuielewa pwani ya karne ya 19.

Merikani, kitambaa kigumu cha pamba, ilifumwa Massachusetts na kuletwa na merikebu za bandari ya Salem. Mkataba ambao Sultani Seyyid Said aliutia saini na Marekani mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5. Ushuru huo Sultani hakuukusanya mwenyewe. Forodha aliikodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, tajiri wa Kutch huko India, iliyomlipa kiasi maalumu kila mwaka na kubaki na ziada. Haikupita muda mrefu, mwenye forodha akawa ndiye anayemkopesha Sultani.

Mkopeshaji alihitaji subira kubwa. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, aliondoka mwaka 1870 kwa mkopo wa tajiri wa Kihindi Tharia Topan, akarudi Unguja mwaka 1882. Njiani kulikuwa na ndui, vita na hongo za watemi. Ndiyo maana bei ya mkopo ilipita sana ile ya taslimu.

Wapo wanaousifu mfumo huu kwa uaminifu wake, na kweli ulikuwepo. Lakini bunduki zilizochukuliwa kwa mkopo zilitumika kuvamia vijiji vya Manyema, mashariki mwa Kongo, na watu waliotekwa huko walibebeshwa pembe. Deni lililoandikwa Unguja walililipa watu wasiowahi kuliona daftari. Mwaka 1860 konseli wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza kuwaacha huru maelfu ya watumwa wao. Mikopo ya misafara ikaendelea.

Kilichoukata mnyororo huo wa mikopo na pembe ni vita. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliwashinda Waarabu wa Manyema na wafuasi wao walioitwa Waungwana, na pembe zikaanza kuteremshwa kwa mto Kongo hadi Atlantiki, mbali na matajiri wa Unguja.