Tangi la samaki wa baharini Singida: Viumbe wadogo gani waingie kwenye kimbilio?

Mji wa Singida umekaa jirani na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Ndiyo maana mtu anayetaka kufuga samaki wa baharini nyumbani au hotelini hupata wazo linaloonekana rahisi: achote maji ziwani pamoja na vijidudu vyake, bure kabisa. Wazo hilo linaweza kuua tangi zima.

Chumvi ya ziwa si chumvi ya bahari. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na kiwango hicho hakibadilikibadiliki sana. Singidani na Kindai ni maziwa ya magadi yasiyo na mto wa kutoka. Kiangazi maji yanapungua na chumvi inakolea, masika yanajaa na chumvi inazimuka. Kiumbe aliyezoea hali hiyo hatadumu kwenye tangi la bahari, na wa bahari hatadumu kwenye maji ya ziwa.

Kimbilio ni tangi dogo linalounganishwa kwa bomba na tangi kubwa la samaki. Ndani yake hakuna samaki. Kuna mwani, taa, mawe kidogo na viumbe wadogo wanaozaliana bila kuliwa. Maji yakizunguka, baadhi yao na watoto wao huingia tangi kubwa na kuwa chakula hai. Mwani nao hunyonya uchafu wa samaki. Wengi huliweka kimbilio juu kidogo ya tangi kubwa ili maji yarudi yenyewe, badala ya kuwapitisha viumbe hao kwenye pampu.

Wa kwanza kuchaguliwa wawe kopepodi. Hawa ni jamaa wa kamba, lakini wengi hawafiki hata milimita 2. Aina ya Tisbe hutambaa kwenye mwani na mawe, hula mabaki, na huongezeka fasta maji yakiwa ya uvuguvugu. Aina ya Tigriopus ni kubwa kidogo na ngumu zaidi, maana kwao ni vidimbwi vya miamba ufukweni, ambako jua hukausha maji na mvua huyazimua. Kwa mtu wa Singida, aliye kilomita 700 hivi kutoka Dar es Salaam, ugumu huo si kitu kidogo. Tangi likikosewa chumvi wiki moja, Tigriopus ana nafasi nzuri ya kupona.

Amfipodi wafuate baadaye. Wanafanana na kamba mdogo aliyejikunja, na wengi hawazidi sentimita 1. Ni wasafishaji wazuri, ila wakiingizwa mapema huwazidi nguvu kopepodi na kugombea nao chakula. Konokono wadogo wanaokula utando wa kijani kwenye kioo nao wanafaa, wawili watatu wanatosha.

Artemia ndiye anayewachanganya wengi. Mayai yake makavu yanasafiri vizuri, yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na tangu miaka ya 1980 amekuwa akiishi kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya. Ni chakula kizuri cha kuwatupia samaki. Lakini kimbilioni hafai: huogelea wazi badala ya kujificha, huvutwa na mkondo wa maji, na hukosa chakula cha kutosha cha kumfikisha ukubwani.

Kaa hata awe mdogo kama punje ya mahindi asiingie, kwa sababu atakua na kula wenzake. Jongoo bahari naye aachwe, maana baadhi ya aina zikifa hutoa sumu ndani ya maji. Na anayeokota mwenyewe ufukweni asishike kwa mkono konokono mwenye kombe la umbo la koni. Baadhi ya hao wana mwiba wenye sumu ya kuua mtu.

Kuokota kwenyewe kuna sheria. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya jijini Dar es Salaam ni maeneo tengefu ya bahari, na Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995. Humo hachukui mtu kiumbe bila kibali. Njia salama ni kununua kwa mfugaji mwenye leseni, viumbe wafungwe kwenye mfuko wenye hewa nyingi ndani ya boksi la baridi, bila barafu kuwagusa, na wasafiri kwa basi la usiku kukwepa joto. Wakifika, maji ya tangi yaongezwe matone kwa matone kwa saa moja hivi.

Maji ya kutengenezea bahari nyumbani yawe yaliyochujwa vizuri, kwa sababu visima vingi vya Singida vina madini mengi, floraidi ikiwemo. Chumvi iwe ile maalumu ya akwariamu, ya mezani haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha. Usiku wa Juni na Julai hita ni lazima, maana viumbe wa pwani yetu wamezoea nyuzi 25 kwenda juu. Taa ya kimbilio huwashwa usiku, wakati ya tangi kubwa imezimwa, ili mwani uzuie maji yasiwe na asidi.

Baada ya hapo ni kusubiri wiki nne hadi sita kabla ya kuleta samaki mlaji. Samaki wa mandarini, kwa mfano, hudonoa kopepodi kutwa nzima. Akiwekwa kwenye tangi jipya hukonda na kufa huku mwenyewe akidhani ni ugonjwa.

Maji ya tangi yanapobadilishwa, wala viumbe wakizidi, visimwagwe Singidani wala Kindai. Ziwa Singidani ni moja ya makazi machache ya Oreochromis amphimelas, perege wa maji ya magadi asiyepatikana nje ya Tanzania na aliye hatarini kutoweka. Heroe nao hula humo: wadogo huchuja mwani, wakubwa huchuja vijidudu vya kwenye tope. Maji ya zamani yamwagwe chooni, mbali na bustani, kwa sababu chumvi itaua mimea.