Wanasesere wa Japani na Roho Walizokabidhiwa

Katika mji wa Iwamizawa, ulioko kisiwa cha Hokkaido upande wa kaskazini wa Japani, lipo hekalu la Kibudha liitwalo Mannenji, na ndani yake amehifadhiwa mwanasesere aliyevikwa kimono ambaye nywele zake, kwa kauli ya wasimulizi, hazikomi kukua. Husimuliwa kwamba mwaka 1918 kijana mmoja wa miaka 17 alimnunua mjini Sapporo ili amtunuku dada yake mdogo. Kwamba mtoto yule hakuuona mwaka uliofuata ukiisha. Kwamba jamaa zake, waliomweka mwanasesere karibu na majivu ya marehemu, waliziona nywele zilizokuwa zimekatwa sawasawa zikiteremka siku baada ya siku. Na kwamba mwaka 1938, walipoazimia kuhamia Sakhalin, wakamwacha amana kwa watawa. Jina lake ni Okiku. Wageni huruhusiwa kumzuru, lakini kumpiga picha ni mwiko.

Hadithi hiyo imezunguka dunia nzima, na aghalabu husimuliwa kwa kusudi la kuwatia watu kiwewe. Lakini mwenye subira ya kufukua magazeti ya Kijapani atatambua kuwa ilianza kuchapwa katika miaka ya 1960, na kila ilipochapwa upya ilibadili jina la mtoto, na mwaka, na hata sababu ya amana yenyewe, mpaka ilipotulia mwaka 1970 katika sura tuijuayo leo. Kitisho hiki, basi, ni kichanga mno. Kilicho kikongwe ni maagano baina ya Wajapani na wanasesere wao, na maagano hayo yamesimama juu ya deni la shukrani.

Zama za Heian, yaani baina ya mwaka 794 na 1185, watu wa Kyoto walikuwa wakikata karatasi kwa umbo la binadamu, wakajipangusa nayo mwilini, wakaipulizia pumzi zao, kisha wakaitupa mtoni ichukuliwe na maji pamoja na nuksi, maradhi na najisi zote zilizohamia humo. Na msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kuona kafara ikipelekwa baharini au njia panda, hana haja ya kufafanuliwa zaidi. Bibi Murasaki Shikibu, aliyetunga kisa cha Genji mwanzoni mwa karne ya 11, anamweleza bwana huyo, akiwa uhamishoni katika ufuo wa Suma, akimwita mtabiri amfanyie utakaso wa nafsi, na mwanasesere mkubwa akapakiwa chomboni na kuachwa aende zake bahari kuu. Mara mbingu zikafunga na tufani ikawaangukia. Katika nyumba za wakubwa nako, mtoto mchanga aliwekewa ubavuni mwanasesere wa kitambaa au wa vijiti, ili balaa likija limpate yeye kwanza. Roho inayodaiwa kukaa ndani ya mwanasesere, kwa hiyo, haikumvamia kutoka ghaibu: alikabidhiwa na mwenyewe aliyemkumbatia.

Katika enzi ya Edo wanasesere hao walipanda daraja, wakawa fahari ya nyumba. Kila inapokaribia tarehe 3 Machi, sikukuu ya wasichana, hupangwa juu ya ngazi zilizotandikwa kitambaa chekundu, mfalme na malkia kileleni, na chini yao wajakazi na wapiga ngoma. Sikukuu ikisha, hufungwa upesi na kurejeshwa sandukuni, kwani yasemwa kuwa nyumba inayozembea binti yake huchelewa kuolewa. (Mama wa Kijapani, nadhani, alihitaji kisingizio cha kuwahimiza watoto wapange vitu vyao.)

Tena ipo itikadi kwamba chombo chochote kikitimiza miaka 100 hupata roho. Michoro ya zama za Muromachi inasimulia jinsi vyombo vilivyotupwa jalalani wakati wa usafi wa kuukaribisha mwaka mpya, baada ya kutumika dahari bila ya ahsante, vilivyokula njama ya kulipiza kisasi. Hata sindano ina haki yake: kila tarehe 8 Februari, katika sehemu nyingi za nchi, sindano zilizovunjika huchomekwa katika kipande laini cha tofu, zipumzike baada ya kazi ngumu ya mwaka mzima. Ikiwa sindano inaenziwa hivyo, mwanasesere mwenye macho na uso itakuwaje?

Jawabu lipo Ueno, mjini Tokyo, katika hekalu la Kiyomizu Kannon-do lililoasisiwa mwaka 1631. Wasiojaaliwa watoto huenda hapo kumwomba Kannon, mtakatifu wa huruma katika Ubudha, na ombi likikubaliwa hurudi na mwanasesere, wakamwacha awe badala ya mtoto mbele ya mabalaa. Na tarehe 25 Septemba ya kila mwaka watawa huwasomea wanasesere sala za kuwaaga, ndipo wakateketezwa. Asiyeweza kufika hekaluni humsafisha wake nyumbani, akamchana nywele, akamnyunyizia chumvi kidogo, akamfunika uso kwa kitambaa cheupe na kumshukuru kwa utumishi wake. Huko Kada, katika mkoa wa Wakayama, wanasesere wapatao 20,000 wamejaa ndani na nje ya hekalu la Awashima, na Machi 3 baadhi yao hupakiwa katika mashua ndogo za mbao na kusukumwa baharini. Na katika hekalu la Hokyoji mjini Kyoto, walikoishi mabinti wa kifalme waliojitia utawani, wanasimulia habari za mwanasesere aliyekuwa akitembea usiku. Lakini huyo, wasema, alikuwa akishika zamu ya ulinzi.

Maagano haya yalitiwa katika mtihani mkali na siasa. Marekani ilipowafungia Wajapani mlango kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924, mchungaji Sidney Gulick, aliyepata kuishi Japani miaka mingi, aliwahimiza watoto wa kwao kupeleka zawadi ya urafiki. Na mwaka 1927 wakawasili wanasesere zaidi ya 12,000 wenye macho ya buluu, kila mmoja na pasi yake ya kusafiria, wakagawanywa katika shule za nchi nzima. Japani, kwa juhudi za tajiri Shibusawa Eiichi, ikajibu kwa wanasesere 58. Vita baina ya nchi hizo mbili vilipopamba moto, wageni wale wakaitwa maadui, na mwaka 1943 wengi wakachomwa moto au kutobolewa kwa mikuki ya mianzi, hali watoto waliowapokea kwa nyimbo wakitazama. Lakini wako walimu ambao mikono yao ilikataa, wakawaficha darini na makabatini, na kwa ajili hiyo zaidi ya 300 wamesalia, wengi wao wakitunzwa shuleni. Na Machi inapowadia, baadhi yao hutolewa wakakalishwa pamoja na mfalme na malkia wa sikukuu ya wasichana.